Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waendesha Baiskeli, Dodoma

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwaeleza kila mwaka yaliyofanyika, yaliyokwama na yale ambayo Kamati Tendaji inaomba ridhaa yenu kuyatekeleza. Taarifa ya fedha ataisoma Mweka Hazina, na orodha ya safari imo katika kumbukumbu za Katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nitajikita katika agizo mlilotupa kwenye mkutano mkuu uliopita, kwamba mwendesha baiskeli wa kila siku, yule anayekwenda kazini, sokoni au kuchota maji, ahudumiwe na chama hiki kwa uzito uleule tunaoupa msafara wa Jumamosi.

Agizo hilo lilikuwa la haki. Chama kilianzishwa na watu wanaopenda safari ndefu na baiskeli za gia, nami ni mmoja wao, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ya watu wa aina hiyo peke yao. Lakini yeyote atakayesimama alfajiri kwenye njia panda za Nkuhungu, Chang'ombe au Nzuguni ataona Phoenix nyeusi zenye karia ya chuma zikipita moja baada ya nyingine, na waendeshaji wake hawajawahi kualikwa kwenye mkutano wowote.

Nianze na njia ya Mtumba, kwa kuwa ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, takribani kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, wamekuwapo wanachama wanaokwenda kazini kwa baiskeli kwa kufuata barabara ya Dar es Salaam. Kwa mtu aliyezoea, umbali huo ni wa saa moja au pungufu yake. Ugumu wake unatokana na uelekeo. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, hivyo anayekwenda Mtumba asubuhi hupambana nao kifuani njia nzima, na jioni humsukuma mgongoni akirudi. Wenyeji wa njia hiyo wameshalizoea, na wengi huondoka mapema kabla upepo haujapata nguvu.

La jua ni zito zaidi. Asubuhi tunaelekea linakochomoza na jioni tunaelekea linakozama, maana yake dereva anayetujia kwa nyuma huwa nalo machoni safari zote mbili. Tulilielewa hilo kwa gharama. Katikati ya kiangazi, mwanachama mwenzetu aliyechelewa kutoka kazini aligongwa ubavuni na pikipiki iliyokuwa ikimpita, akiwa ameshaipita Ihumwa kuelekea mjini, akavunjika mtulinga. Kesho yake nilikwenda kusimama mahali pale saa ileile. Jua lilikuwa limeshuka karibu na usawa wa lami, na kila mwendesha baiskeli aliyenipita nilimwona kama kivuli chembamba, kisha akayeyuka ndani ya mwanga hata kabla hajafika mbali. Mchanga uliomlazimisha mwenzetu kutoka kwenye bega la barabara na kuingia njia ya magari ulikuwa na urefu wa hatua tatu tu. Namshukuru Mungu kwamba amepona na tangu mwezi uliopita amerejea kwenye baiskeli yake, na nawashukuru waliomtembelea nyumbani na kumchangia.

Kutokana na ajali hiyo, Kamati iliamua mambo ambayo naomba myachukue kuwa wajibu. Taa nyekundu ya nyuma iwashwe hata mchana katika njia ya Mtumba, kwa sababu mwanga unaowakawaka huonekana pale ambapo nguo za rangi kali zinamezwa na jua. Anayeweza kuondoka ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni aondoke, na aliyezuiwa na kazi asubiri jua lizame kabisa ndipo aanze safari akiwa na taa mbili na koti la kuakisi mwanga. Baadhi yenu mlipinga shauri hili la kusubiri, mkisema giza ni hatari kuliko jua. Nimelitafakari sana, na bado naamini kwamba gizani mwenye taa anaonekana, ilhali katika robo saa ile ya jua la usoni hata dereva mwangalifu hana namna ya kumwona.

Kuhusu mchanga, tuliandika barua mbili kwa ofisi inayohusika. Ya kwanza haikujibiwa. Baada ya barua ya pili, mabega ya barabara yalifagiliwa mara moja, tukafurahi, lakini maji ya mvua yakaurudisha mchanga uleule kutoka kwenye njia za vumbi zinazoingia lami. Kamati inaona tuache kuomba kazi ya mara moja, badala yake tuombe ufagiaji wa kila mwaka mvua zinapokwisha. Tuliahidi pia kuhesabu waendesha baiskeli wanaopita Ihumwa, ili barua zetu ziwe na takwimu. Kazi hiyo tuliifanya asubuhi moja tu, kisha ikaachwa, na kosa hilo ni la uongozi.

Jambo la pili ni pancha. Mvua za kwetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na zinapokatika mbigili iliyotambaa kandokando ya njia hukauka na kudondosha mbegu zake, ambazo kwa umbo lake hulala ardhini na mwiba mmoja ukiwa umeelekea juu daima. Ndiyo maana Mei na Juni, miezi mizuri kuliko yote kwa kuendesha, ndiyo miezi ya viraka. Ongezeni miiba ya migunga, ambayo hupenya hata tairi jipya. Tulimwalika fundi mmoja wa Sabasaba atufundishe, na nilichojifunza kwake kimenisaidia kuliko vifaa vyote nilivyonunua. Hakuanza na tyubu. Aliligeuza tairi nje ndani, akafunga kipande cha pamba kwenye kidole na kukizungusha taratibu hadi nyuzi zikanasa mahali tulipokuwa tumeshapapasa mara mbili bila kuona kitu. Akachomoa kwa koleo kijiti kisichozidi urefu wa punje ya mchele. Mtu anayeziba tyubu akauacha mwiba ndani ya tairi, alisema, atarudi kwake kesho kwa tundu lilelile. Akatuonyesha pia jinsi ya kupasua tyubu kuukuu na kuitandaza kati ya tairi na tyubu nzima. Huongeza uzito kidogo, lakini kwa anayewahi kazini nadhani uzito huo unafaa kubebwa.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyotukutanisha na wauza maji, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu. Baiskeli moja ya muuza maji hubeba hata madumu 6 ya lita 20, yaani kilo 120 za maji peke yake, bila kuhesabu uzito wa mwendeshaji anapopanda. Wengi wa vijana waliofika walikuwa na breki za vyuma ambazo raba zake zimekwisha, chuma kinasaga ringi. Mmoja alitueleza kwamba kwenye mteremko huikanyaga tairi ya mbele kwa ndala mpaka baiskeli isimame, akanyanyua mguu tukaona soli imelika na kubaki shimo katikati. Raba za breki ni kitu cha bei ndogo. Kilichokosekana kilikuwa siku moja ya kuziacha kazi, mtu wa kukaza vyuma vilivyolegea, na labda mtu wa kuwaambia kwamba maisha yao yanastahili kusimama salama. Tangu hapo tumefanya Jumapili za matengenezo, chama kikinunua raba na wanachama wakitoa mikono yao. Sioni kazi nyingine ya mwaka huu iliyonipa furaha kama hiyo, na naomba mkutano uipe fungu lake katika bajeti, isiendelee kutegemea michango ya papo kwa papo.

Mafunzo ya kuendesha kwa watu wazima, ambayo wengi wa wanafunzi wake ni akina mama, yameendelea vizuri. Wanachohitaji sasa ni baiskeli zisizo na mtarimbo wa juu, na anayeweza kuazima amwone Katibu.

Pa kuegesha bado ni kero. Katika ofisi moja, mlinzi aliyekuwa akipokea pikipiki getini alimkatalia mwanachama wetu kuingia na baiskeli, na kwa wiki kadhaa mwenzetu huyo aliifunga kwenye mwarobaini nje ya uzio. Mazungumzo ya upole na uongozi wa ofisi hiyo yalimaliza jambo hilo, na leo kuna bomba la chuma lililochimbiwa nyuma ya jengo, linalotosha baiskeli kadhaa. Nawasihi wenye tatizo kama hilo wasigombane na walinzi, ambao hutekeleza walichoagizwa.

Safari za Jumamosi hazikusimama. Hombolo na Mpunguzi zimeendelea kupendwa, hasa msimu wa zabibu wa Agosti na Septemba, ambapo msafara husimama kununua matunda kwa wakulima kando ya njia. Limejitokeza hata hivyo suala la barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, ambayo lami yake laini imewavutia vijana wetu. Barabara hiyo imekusudiwa kuyaondoa malori ya masafa marefu katikati ya jiji, jambo ambalo ni neema kwetu sisi wa njia za ndani, na kwa sababu hiyo hiyo Kamati haitapanga msafara wa chama humo. Ndani ya makazi tukumbushane na madereva kwamba mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa, nasi tusiendeshe wawili wawili penye magari mengi.

Ada za baadhi yetu hazijalipwa. Mweka Hazina atawaona faragha.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo matatu: fungu la kudumu kwa ajili ya Jumapili za matengenezo, kamati ndogo ya njia ya Mtumba itakayohesabu waendeshaji na kufuatilia ufagiaji wa mabega ya barabara, na uanachama wa ada nafuu kwa wauza maji na wote wanaotafuta riziki kwa baiskeli, wakiwa na haki kamili ya kupiga kura. Hili la mwisho linahitaji marekebisho ya katiba na theluthi mbili ya kura zenu. Wawakilishi wao wameketi safu ya nyuma, na nawaomba muwasikilize kabla ya kupiga kura.

Naomba kuwasilisha.