Moto wa Lahaina haukutoka angani

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi klipu za moto wa Hawaii ambazo zinazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, na safari hii zimewekewa sauti ya Kiswahili kabisa, jamaa anaongea kwa kujiamini kwamba mji wa Lahaina, kwenye kisiwa cha Maui kule Hawaii, ulichomwa kwa leza kutoka angani ili matajiri wachukue ardhi. Watu wazima na akili zao wanafowadi. Inaniuma sana, kwa sababu pale tarehe 8 Agosti 2023 walikufa watu 102, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 2,200 yaliharibika, na ndugu zao wapo hai wanaziona hizi klipu.

Tuanze na hizo picha zenyewe. Ile yenye mstari wa mwanga mkali unaoshuka kutoka mbinguni, ambayo ndo inaonyeshwa kila mara kama ushahidi, ilipigwa California mwaka 2018, ni roketi ya SpaceX inapaa na lenzi ya kamera ilikuwa imeachwa wazi muda mrefu, ndo maana mwanga wake ukajichora kama mstari. Miaka mitano kabla ya moto! Halafu wanasema ona rimu za magari zimeyeyuka, moto wa kawaida hauwezi. Jamani, nendeni mkawaone mafundi wanaoyeyusha skrepa ya alumini watengeneze masufuria, wanatumia mkaa na feni ya kupuliza tu, basi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na nyumba ya mbao ikishika vizuri joto linapita hapo kwa mbali, sasa gari limepaki katikati ya nyumba zinazowaka na upepo unapuliza vile, rimu itabaki na nini.

Kuna na hili la vitu vya bluu, eti silaha yenyewe haiunguzi rangi ya bluu. Sasa ile nyumba maarufu iliyobaki imesimama peke yake majirani wote wamekuwa majivu, paa lake ni jekundu. Wenyewe walikuwa wameikarabati, wakaweka paa la bati na mawe kuizunguka, vichaka vilivyogusa ukuta wakaving'oa, cheche zilipodondoka hazikupata cha kushika. Na miti kubaki wakati nyumba zimeisha siyo muujiza, mti mbichi umejaa maji, nyumba ina mbao kavu, mapazia, magodoro. Hata ule mti mkubwa wa banyan uliopandwa 1873 uliungua ukababuka, baadaye ukachipua.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni kwamba chanzo kinajulikana. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Oktoba 2024, ya zimamoto wa Maui pamoja na wachunguzi wa serikali kuu ya Marekani. Asubuhi ile nyaya za umeme zilikatika kwa upepo, umeme ukarudishwa kwenye laini ambayo imekatika, cheche zikaangukia nyasi kavu. Zimamoto wakaja wakauzima, wakaangalia wakaona umeisha, wakaondoka, mchana mabaki yaliyokuwa yamejificha yakawaka tena na upepo ukayachukua mpaka mjini. Upepo wenyewe ulitokana na mgandamizo mkubwa wa hewa kaskazini na kimbunga Dora kilichokuwa kinapita mbali kusini. Na zile nyasi hazikuwa za pale, zililetwa kutoka nje, tena baadhi asili yake ni huku kwetu Afrika, zikatapakaa kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa baada ya kiwanda cha sukari kufungwa 1999.

Bado ving'ora. Kisiwa kilikuwa na ving'ora 80 hivi vya kuwatahadharisha watu na siku ile hata kimoja hakikulia, mkuu wa idara ya dharura akajiuzulu siku chache baadaye. Mabomba ya zimamoto yakakosa presha ya maji. Haya ni mambo ya watu wenye ofisi na mishahara, ya kuulizwa mahakamani, na kweli kesi zilifunguliwa mpaka kampuni ya umeme na wengine wakakubali kulipa jumla ya dola bilioni 4 hivi. Ukiniambia ni leza, umewasamehe wote hao kwa mara moja.

Naelewa kwa nini watu wanashawishika na hili la ardhi. Wenyeji wa Hawaii walipinduliwa ufalme wao 1893, ardhi yao imeliwa kweli, na baada ya moto walianza kupigiwa simu na madalali wakati bado wanatafuta miili ya ndugu zao. Hilo ni kweli na ni la kulaaniwa. Ila dalali kuja kununua kwenye msiba haithibitishi kwamba yeye ndo aliyewasha moto.

Ombi langu kwenu gazeti ni dogo tu. Chapisheni ile picha ya roketi ukurasa wa mbele pamoja na tarehe yake, mseme ilipigwa wapi, watu waikate waitume kwenye grupu lilelile ilikotoka. Na kama inawezekana mtafuteni mtu wa Zimamoto hapa kwetu aeleze moto uliozimwa unawezaje kurudi baada ya masaa, maana kiangazi kinaingia na wengi tunachoma majani uani tunamwaga ndoo moja tunaingia ndani kulala.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam