Barua kwa mwanangu: Wiki tano za Bernard Lagat

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, na mvua imetuachia nafasi ya kutosha kuanika mahindi. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema kwamba msimu wa mbio za nyika umekwisha, kwamba muundi wa mguu wako wa kushoto unauma kila unapoamka, na kwamba pamoja na hayo umeamua kuendelea kukimbia asubuhi na jioni mpaka mashindano ya ukumbini yatakapoanza Januari, kwa kuwa wenzako hawapumziki na wewe hutaki kuitwa mvivu. Baba yako alitaka nikupigie simu nikukataze. Nimeona heri nikuandikie, nikueleze habari za mtu ambaye jina lake umelisikia tangu utotoni, ila nadhani unamjua kwa medali zake tu.

Bernard Lagat, mkimbiaji wa mbio za kati na ndefu, alizaliwa Kapsabet, katika nchi ya Wanandi hapa Kenya, tarehe 12 Desemba 1974, na leo vitabu vya riadha vinamtaja kuwa Mmarekani. Mwaka 1996 alitoka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia akaenda Chuo Kikuu cha Washington State huko Marekani, katika mji mdogo wa Pullman, kwa njia ile ile uliyopita wewe, ya kusomeshwa kwa sababu ya mbio. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Mnandi mwingine, Henry Rono, ambaye akiwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna aliyefanya jambo kama hilo kabla yake. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, hivyo Rono hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja, na baadaye pombe ikamla miaka mingi, kama alivyosimulia mwenyewe bila kuficha. Simtaji ili kumhukumu marehemu. Namtaja kwa sababu vijana wengi wa kwetu waliokwenda huko walijua kuwaka, na ni wachache mno waliokuwa na mtu wa kuwaambia wapumzike.

Lagat alikuwa naye mtu huyo. Pullman alimkuta kocha James Li, mzaliwa wa China, na hao wawili hawakuachana kwa miaka ishirini na zaidi, hata baada ya Li kuhamia Arizona na mwanafunzi wake kumfuata Tucson. Mwaka 1999 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 5,000. Masomo yake aliyamaliza, jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Na mwaka 2000, katika Olimpiki ya Sydney, akaipatia Kenya medali ya shaba ya mita 1,500, nyuma ya Noah Ngeny na Hicham El Guerrouj wa Moroko.

Huyo El Guerrouj ndiye aliyemtesa. Mwaka 2001 alimshinda Edmonton katika mashindano ya dunia, kisha wakakutana Brussels, ambako Lagat alikimbia dakika 3 na sekunde 26.34, muda ambao mpaka leo ndio rekodi ya Kenya, na bado akawa wa pili, kwa sababu mwenzake alitumia 3:26.12. Halafu ikaja Olimpiki ya Athens, Agosti 2004. Wewe hukuwa umezaliwa, lakini mkanda upo, nawe uutazame kwa utulivu. El Guerrouj anashika uongozi mapema na kuongeza kasi kidogo kidogo, Lagat yuko begani mwake hatoki. Wanapoingia mita mia za mwisho Lagat anajitoa upande wa kulia, anamfikia, anakuwa mbele kwa hatua chache, na sisi hapa sebuleni tulikuwa tumesimama tayari. Kisha yule Mmoroko anarudi. Dakika 3:34.18 kwa 3:34.30. Baba yako alizima runinga kwa hasira, hivyo tulikosa kuona jinsi aliyeshindwa alivyomkumbatia aliyeshinda. Nilikuja kuiona picha hiyo gazetini.

Nakukumbusha kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo jina lake lilikuwa limechafuliwa. Kipimo chake cha kwanza cha dawa kilidaiwa kuwa na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akakosa mashindano ya dunia ya Paris, na kipimo cha pili kilipofanywa kikamsafisha. Mtu aliyepita hapo angeweza kurudi uwanjani kwa pupa, ashindane kila wiki ili awaonyeshe watu. Yeye alirudi kwa utaratibu wake ule ule.

Habari ya uraia najua mnaizungumza sana huko bwenini. Aliapishwa kuwa raia wa Marekani mwezi Mei 2004, kabla ya Athens, na sisi tuliokuwa tukimshangilia akiwa amevaa jezi ya Kenya hatukujua mpaka mwaka uliofuata. Wakati huo sheria yetu haikuruhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili; ruhusa hiyo ilikuja na katiba ya 2010. Wapo majirani waliosema ametuuza. Mimi sikukubaliana nao na sikubaliani nao leo, kwa maana mtu aliyesoma huko, akafanya kazi na kujenga maisha yake huko ana haki ya kuamua nyumba yake iko wapi, ingawa naona angefanya vyema kutuambia kabla ya mbio badala ya baada yake. Kwa kuwa alikuwa amebadili nchi, sheria za riadha zilimzuia kukimbia mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005. Mwaka huo huo, mjini Rieti, aliweka rekodi ya Marekani ya mita 1,500, dakika 3 na sekunde 29.30, nayo ilidumu mpaka 2023.

Osaka, mwaka 2007, ndipo alipokusanya deni lake lote. Alishinda mita 1,500, na siku chache baadaye akashinda mita 5,000 mbele ya Eliud Kipchoge, huyu huyu wa marathoni, kwa tofauti ya sekunde 0.13, na Moses Kipsiro wa Uganda akawa wa tatu. Hakuna mwanamume aliyewahi kuzipata dhahabu hizo mbili katika mashindano ya dunia ya mwaka mmoja kabla yake. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila mwaka, msimu ukiisha, Lagat alivua viatu na kukaa wiki tano bila kukimbia hata hatua moja. Si kwamba alipunguza mazoezi, aliacha kabisa. Alikula alichotaka, akaongezeka kilo kadhaa, akakaa na mke na watoto, na wiki ya sita akaanza upya akihema kama mtu asiyewahi kukimbia. Hata katikati ya msimu kilomita zake za wiki zilikuwa chache kuliko za wengi walioshindana naye. Matokeo yake uyapime mwenyewe: muda wake bora wa mita 5,000, dakika 12 na sekunde 53.60, aliupata Monaco mwaka 2011 akiwa na miaka 36. Mwaka 2016, akiwa na miaka 41, alishinda mchujo wa Marekani wa mbio hizo kwa kumaliza mzunguko wa mwisho chini ya sekunde 53, kisha akawa wa tano katika Olimpiki ya Rio. Na mwaka 2019, akiwa na miaka 44, akakimbia marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 10. Wenzake wengi wa Sydney walikuwa wamekwisha kustaafu zamani.

Mguu wako nao una sababu zake. Mfupa unapopigwa chini maelfu ya mara kwa siku, mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochoka, halafu hujenga mpya, na kujenga huchukua muda mrefu kuliko kuondoa. Ukiendelea kukimbia katikati ya kazi hiyo, unakimbia juu ya mfupa uliopungua, na maumivu yaliyoanza kama msuli hugeuka ufa. Ndiyo maana nataka umweleze daktari wa timu mahali hasa panapouma, umwonyeshe kwa kidole kimoja, usiseme tu kwamba mguu umechoka. Na ikiwa eksirei haitaonyesha kitu, usishangilie, kwa sababu ufa mdogo wa mwanzoni mara nyingi hauonekani humo, bali uulize kama kuna kipimo kingine.

Kuna swali ambalo baba yako hawezi kukuuliza, nami nakuuliza kama mama. Siku zako zinakuja kama kawaida? Ikiwa zimepotea, usifurahie nafuu hiyo kama wanavyofanya baadhi ya wasichana wanaokimbia. Maana yake mara nyingi ni kwamba unakula kidogo kuliko unachotumia, na mwili unaobana matumizi namna hiyo huunyima mfupa nao. Ufadhili wako haukuandikwa kwamba uwe mwembamba. Kula ugali ukiupata, kula maharagwe na mayai, na maziwa unajua nyumbani hayakuwahi kukupita.

Kocha wako sitaki umgombeze wala umfiche. Mwambie kwamba unaomba wiki tano kuanzia sasa, hata kama maana yake ni kukosa mashindano mawili ya kwanza ya Januari, na akikuuliza umelitoa wapi wazo hilo, mtajie Lagat. Kazi hiyo ya kufundisha wakimbiaji wa chuo kikuu ameifanya naye, huko huko Arizona, kwa hiyo kocha wako hawezi kukosa kumjua. Akikataa, niandikie alivyosema, tutafute la kufanya kabla hujavaa viatu tena.

Hizo saa mbili za asubuhi zitakazobaki wazi, zipe ule mtihani wa takwimu uliosema unakutisha. Dada zako wanakusalimu, na mdogo wako anataka jezi ya chuo chenu, saizi ya kati.

Ni mimi, mama yako.