Risala ya wazazi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa mgeni rasmi, askari polisi mstaafu

Mgeni rasmi, mzee wetu uliyetoka London asubuhi hii na treni za wikendi tunazijua zilivyo, mwenyekiti wa wazazi, walimu wetu, bibi zetu mliokaa mbele, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto hapo nyuma ambao simu naziona, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Mzee, karibu sana. Kikundi chetu hapa Uingereza si kikubwa, ni familia thelathini na kidogo, tuko watu wa Mombasa kama wewe, Unguja, Tanga kama mimi, wachache wa Bukavu na Bujumbura, na familia za Barawa kule Somalia ambao Kichimini chao, Kiswahili cha huko, kinatuchekesha na kutufundisha kwa wakati mmoja. Kila Jumamosi watoto wanakaa humu ukumbini wanapambana na ngeli mpaka wengine wanalia halafu wanakula. Niliambiwa nisome na mapato na matumizi ila karatasi imebandikwa pale mlangoni, ukumbi umelipiwa mpaka Machi, ile sufuria kubwa imerudi, kwahiyo tusipoteze muda. Mwaka jana tulimwita diwani. Mwaka huu tumekuita wewe na sababu kila mtu humu anaijua ila wacha niiseme, maana risala bila kusema ukweli ni barua ya pongezi tu.

Mwezi wa sita mtoto wetu mmoja, mamake yupo hapa na kaniruhusu, miaka 13, alikuwa kwenye baraza ya fleti yao ghorofa ya tatu anacheza na bastola ya plastiki, ile ya kutema vidonge vyeupe, nyeusi tii, mjomba kamletea kutoka likizo. Analenga kopo. Jirani wa jengo la ng'ambo kaona mtu na bastola kapiga 999, na jirani hakukosea, hata mimi ningepiga. Haikuchukua muda zikaja gari mbili bila king'ora, wakashuka askari wamevaa helmeti na bunduki ndefu kifuani, sisi wengine tumekaa mji huu miaka kumi na tano hatujawahi kuona kitu kama hicho kwa macho, na ngazi zote zikajaa sauti moja tu, mikono, tuone mikono! Mtoto kaganda na kile kidude mkononi. Akakidondosha, alhamdulillah. Sasa bibi yake ndani, anasikia kelele, Kiingereza chake ni asante na maziwa, akafungua mlango akidhani ni mtu wa vifurushi, akakuta mtutu. Wakamwambia kwa ishara atoke mikono juu. Bibi akatazama wale wanaume, akajigusa kichwa, akageuka kurudi ndani kufuata mtandio.

Mzee wewe ulikuwa kazi hiyo unajua vizuri kuliko sisi maana yake mtu kugeuka ghafla kurudi ndani wakati kaambiwa asirudi. Aliyemwokoa ni mjukuu. Akapiga kelele kwa Kiswahili chake hikihiki cha Jumamosi, "Bibi wewe simama hapo usirudi!" na bibi akasimama, kichwa wazi, mikono juu, analia. Hakuna risasi iliyotoka. Bastola ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki ikaenda zake, wakaandika andika, mmoja wao akavua helmeti akamsaidia bibi kukaa kwenye ngazi. Kijana mdogo tu, jasho linamtoka kama sisi.

Ndo tukaanza kuulizana, hawa ni kina nani na mbona yule wa kila siku pale stesheni ya basi ana kirungu tu na redio?

Maana sisi tumekulia kwingine. Mimi Tanga askari wa benki namkumbuka na bunduki mapajani, kiti cha plastiki, anasinzia, na tulikuwa tunampita kwenda kununua ashkrimu kama tunampita mti. FFU, wale polisi wa kutuliza ghasia, wakipita na landrova hapo ndo mnaingia ndani. Kwahiyo tumefika hapa tukamwona polisi hana bunduki tukasema huyu polisi gani, na watoto wetu waliozaliwa hapa wamechukua ile dharau kwetu, halafu siku akija mwenye bunduki wanachukua kwetu ule woga pia. Vyote viwili tumewapa sisi.

Nikaanza kusoma. Kumbe polisi wa London walipoanzishwa 1829 na yule waziri Robert Peel, ambaye ndo wanaitwa mabobi kwa jina lake, Bobi kifupi cha Robert, watu hawakuwataka kabisa, waliogopa ni jeshi linaingizwa mitaani kwa mlango wa nyuma. Basi wakavalishwa koti la buluu kwasababu wanajeshi walivaa jekundu, na kofia ndefu za kiraia, wakapewa kirungu na kayamba la mbao la kuitia msaada, filimbi ilikuja baadae. Yaani kutokuwa na bunduki halikuwa suala la umaskini, ni makubaliano na raia. Na mpaka leo England, Wales na Scotland wanaenda hivohivo, Ireland ya Kaskazini ndo tofauti, kule askari wote wana silaha na sababu zao zinajulikana.

Ila makubaliano yana bei yake. Agosti 1966 polisi watatu waliuliwa mchana kweupe Shepherd's Bush, karibu na gereza la Wormwood Scrubs, na mwaka huohuo London ikaanzisha kitengo chake cha silaha. Halafu ikaja Hungerford, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye asili ya zile gari mbili. Tarehe 19 Agosti 1987, mji mdogo, siku ya kawaida, mtu mmoja na bunduki alizozimiliki kihalali akaua watu 16, mmoja wao mamake mzazi, mwingine polisi aliyeenda bila chochote mkononi. Kikosi cha silaha kilikuwa mazoezini maili kama 40 kutoka pale. Helikopta iko matengenezo. Kituo cha polisi kina laini mbili za simu, na simu za mji mzima zimeelemewa na watu wanaopiga. Dakika zinaenda yule mtu anatembea mtaani anaua. Baada ya hapo ndo wakasema haiwezekani bunduki ziwe kambini na watu wako mtaani, lazima wawepo askari wachache wenye silaha wanaozunguka kwenye gari muda wote, na London wakaanza nazo 1991. Nimecheka nilipojua mwanzoni silaha zilifungiwa kwenye sefu ndani ya gari mpaka mkubwa atoe ruhusa kwa redio! Leo bastola wanatembea nayo kiunoni. London hata gari zao zina duara la njano, watoto wanalijua, na hao askari wenye silaha wanawaita amdi, mimi nilidhani ni stika ya paking.

Uliniambia kwa simu mzee kwamba miaka yako yote ya silaha hujawahi kumfyatulia mtu risasi hata moja. Nisamehe, nilidhani unanificha. Nikaenda kutazama takwimu za serikali, mwaka ulioishia Machi 2023 England na Wales walitoka na silaha zaidi ya mara 18,000, na waliofyatua risasi kumlenga mtu ni matukio 10. Kumi! Na wenye kibali ni kama 6,000 tu kati ya askari zaidi ya 140,000, na wote wameomba wenyewe, hakuna anayelazimishwa. Hizo namba nimemsomea bibi, akasema sawa ila mimi ningekuwa la kumi na moja. Sikuwa na jibu.

Watoto wenyewe wanajua lile shambulio la London Bridge, 3 Juni 2017, jinsi wale amdi walivyomaliza yale mambo ndani ya dakika nane tangu simu ya kwanza. Wanachokisahau ni kwamba kabla yao alifika polisi wa reli, Wayne Marques, peke yake, na kirungu, watu watatu wana visu, akawavaa. Akakatwa vibaya akapona, akapewa nishani ya George. Na Woolwich 2013 alipouliwa yule mwanajeshi, polisi wa kawaida walifika wakabaki nyuma ya uzio kwa dakika kama tano mpaka wenye silaha wakaja, na watu waliwalaumu sana. Mimi pia niliwalaumu siku ile mbele ya televisheni, na kisahani cha mbaazi mkononi. Dakika tano huna kitu mfukoni na mtu mwenye panga anakutazama, hiyo ni kazi ambayo huku kwetu tungemwita mtu mwendawazimu au walii.

Lakini mzee tusingekuwa wakweli kama tungeishia hapo, na vijana wangetuzomea. Wao wanayo majina mengine, ya watu waliouliwa kwa risasi za polisi. Jean Charles de Menezes, fundi umeme wa Brazil, kwenye treni ya chini Stockwell Julai 2005, walimdhania gaidi, hakuwa, na polisi wa London kama taasisi wakapatikana na hatia 2007 kwa sheria ya usalama kazini, yaani sheria hiyohiyo ya ngazi na waya mbovu. Mark Duggan, Tottenham 2011, ghasia zikaenea mpaka miji mingine, na 2014 juri ikasema aliuliwa kihalali ingawa wengi wao waliona hakuwa na bunduki mkononi wakati ule. Chris Kaba 2022, Streatham, afisa akashtakiwa kwa mauaji, wenzake zaidi ya mia wakarudisha vibali vyao vya silaha na jeshi likaambiwa likae tayari, na Oktoba 2024 juri ikamwachia huyo afisa. Kwenye nyumba zetu hiyo kesi imetugawa. Kuna baba hapa anasema huwezi kumpeleka mtu kwenye hatari halafu umfunge kwa sekunde moja, na mwanawe mwenyewe anasema baba wewe hujawahi kusimamishwa. Wanakula meza moja mpaka leo ila mada hiyo haiguswi.

Mimi binafsi, na hapa nasema kama katibu aliyechoka, sitaki hapa polisi wote wapewe bunduki. Hata wao wenyewe wengi hawataki, chama chao kiliwauliza 2017 na waliosema kila askari apewe ni kama theluthi tu. Norway kwa miaka mingi bunduki waliifungia kwenye gari, Iceland mara ya kwanza polisi kumuua mtu kwa risasi ilikuwa Desemba 2013 na wakaomba radhi, New Zealand walijaribu kuzungusha timu za silaha mitaani kwa miezi sita wakaacha 2020. Sio kwamba nchi hizo hawana wabaya. Ila kama wenye bunduki ni wachache hivyo, basi siku watakayokuja ndo mtu atakuwa anawaona mara ya kwanza maishani, na mtu hafanyi la maana kwa kitu anachokiona mara ya kwanza. Anafuata mtandio.

Kwahiyo ombi letu kubwa ni hilo. Tunaomba uje kila muhula, hata mara moja, uwaoneshe watoto na zaidi bibi na babu, ukiambiwa simama unasimama vipi, mikono iwe wapi, kwamba usitie mkono mfukoni kutoa simu hata kama ni kumpigia mamako, kwamba usikimbie hata kama hujafanya kitu, na kwamba kichwa wazi mbele ya wanaume siku ile Mungu anasamehe, hilo la mwisho tutamwomba sheikh wetu alisemee yeye. Uyaseme kwa Kiswahili, na tukirikodi sauti yako tuitie kwenye grupu la WhatsApp maana kuna bibi hawatoki nyumbani. Pia kama bado una watu unaowajua, utuombee hapa mjini aje mmoja wa hao wa gari zile, avue helmeti, akae kwenye kiti kama hiki aulizwe maswali. Vijana watauliza makali, tunaomba asikasirike na asije na vipeperushi tu. Sisi kwa upande wetu bastola za plastiki tumepiga marufuku nyumba zote thelathini, mjomba kaambiwa, na yule mtoto tumemnunulia mpira, ingawa anasema mpira hautaki, anataka gitaa, mamake atajua.

Changamoto nyingine ni ndogo ndogo, hita ya ukumbi na vitabu vya darasa la pili, hizo tutakusumbua nazo wakati wa chakula. Pilau iko tayari na mahamri yamefunikwa ila wale wa nyuma nimewahesabia.

Mzee tumekuandalia kikoi, kimetoka Mombasa na mtu aliyekuja mwezi uliopita. Atakayekukabidhi ni bibi mwenyewe wa mtandio, yule pale na buibui, anasema ana swali lake kwako na amekataa niliandike humu.

Naomba kuwasilisha.