Kwaya haiimbi ndani ya mkutano wa video

Mhariri,

Kumbi zinapofungwa, vikundi vya sanaa huambiwa "hamieni mtandaoni", kana kwamba ni suala la kuhamisha viti. Basi kwaya nzima inaitwa kwenye mkutano wa video, kila mtu anafungua maiki yake, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha wimbo umeshavurugika. Lawama zote hutupiwa intaneti. Tunaomba nafasi tueleze kwamba hata intaneti nzuri haiondoi tatizo hilo.

Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Wanamuziki wawili walioachana mita 10 husikiana kwa kuchelewa milisekunde 30 hivi (sekunde moja ina milisekunde 1,000), na hapo ndipo kushika mdundo pamoja kunapoanza kuwa kazi. Programu za mikutano mara nyingi huchelewesha sauti milisekunde 150 au zaidi, yaani ni kama mwenzako amesimama mita 50 kutoka ulipo. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo zima ni milisekunde 500 tu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, naye mwenzake anamsubiri yeye, na wimbo unazidi kupoa. Tena programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Noti ndefu ya filimbi huichukulia kuwa mvumo wa feni, na kuifuta.

Kwa somo la mwalimu na mwanafunzi mmoja, zimeni kipunguza kelele kwenye mipangilio ya sauti, unganisheni kompyuta na ruta kwa kebo badala ya Wi-Fi, na mpige kwa zamu. Zipo programu za Jamulus na JackTrip zilizotengenezwa kwa ajili ya kupiga muziki pamoja kwa mbali. Zinadai kebo, hedifoni za waya na watu wasiokaa mbali sana. Kwa watu wanne zinafaa. Kwa kwaya ya watu 40, ni vigumu zaidi.

Kinachowezekana kwa kwaya ni kila mtu kujirekodi peke yake, kisha sauti ziunganishwe. Tayarisheni wimbo wa mwongozo: kinanda au sauti moja safi, na mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika) chini yake. Uanze kwa hesabu ya mizunguko miwili (kama moja-mbili-tatu-nne, mara mbili), halafu kofi moja. Kila mwimbaji apige kofi hilo mbele ya maiki, kwa sababu kwenye kompyuta huonekana kama mchomo mkali, na mhariri wa sauti hupanga mafaili yote kwa kulinganisha michomo hiyo. Asiyepiga kofi humpa mhariri kazi ya kukisia.

Mwimbaji anahitaji vifaa viwili: kimoja cha kusikilizia mwongozo, kingine cha kurekodia. Hedifoni ziwe za waya na zifunike sikio vizuri, la sivyo metronomu huvuja na kuingia kwenye maiki. Ikivuja kwa watu 20, hakuna mhariri wa kuiondoa. Za Bluetooth ziepukwe. Maiki ya hedifoni hizo ikitumika, sauti hushuka hadi kiwango cha maongezi ya simu. Simu ya kurekodia iwekwe hali ya ndege, ilazwe kwa upana, isimamishwe mahali imara. Chumba chenye mapazia, godoro na nguo hupunguza mwangwi. Chumba chenye vigae huuzidisha, na mwangwi ukisharekodiwa hautoki kirahisi. Friji izimwe (na mtu akumbuke kuiwasha).

Wote wakubaliane kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kila sekunde. Faili la 44,100 likisomwa kama la 48,000, sauti hupanda zaidi ya nusu toni na kwenda mbio. Simu nyingi pia hurekodi video kwa fremu (picha moja moja za video) zisizo na kasi moja, hivyo midomo huanza sawa na sauti, kisha huachana nayo taratibu. Dawa ni kupitisha kila video kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, na kuchagua kasi ya fremu isiyobadilika kabla ya kuhariri. Msitume kazi kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa. Itumeni kama hati, au ipandisheni kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Waigizaji wana mzigo mwepesi kidogo. Dirisha la mwenzako liweke juu kabisa ya skrini, chini tu ya kamera, ili macho yaonekane yanamtazama. Mwanga utoke mbele yako.

Linalotukera zaidi ni malipo. Waimbaji 20, wimbo wa dakika 4: kuwasikiliza wote mara moja tu ni dakika 80, kabla hata sauti moja haijaguswa. Bado waandaaji wengi hulipa "onyesho moja", na saa za mhariri hazimo kwenye bajeti. Tena onyesho la ukumbini huisha usiku uleule, ilhali rekodi hubaki. Mkataba utaje saa za uhariri, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, video itakaa mtandaoni kwa muda gani, na nani atalipwa ikioneshwa tena. Haya yaandikwe kabla wimbo wa mwongozo haujatumwa kwa waimbaji.

Ni sisi,
Wanamuziki na mafundi wa sauti