Je, nilibandike bango langu la mwaka 1955 kwenye turubai?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako, pamoja na wa wasomaji wenye uzoefu wa kutunza karatasi za zamani, kuhusu bango moja la filamu ambalo ni lazima niliamulie kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Minneapolis, Marekani, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikikusanya mabango ya filamu za kutisha za miaka ya 1950. Mapenzi haya yalianza utotoni, nilipokuwa nikisimama nje ya Cine Afrique, Unguja, nikitazama picha za filamu ambazo sikuruhusiwa kuingia kuziona. Mabango ya miaka ya 1930 siyawezi, maana la Dracula la mwaka 1931 liliuzwa mnadani kwa dola 525,800 mwaka 2017. Haya ya miaka ya 1950 mtu wa mshahara anaweza kuyapata akiwa na subira, hasa yakiwa yamechakaa.

Bango lenyewe ni la Tarantula, filamu ya Universal-International ya mwaka 1955, na mchoraji wake ni Reynold Brown: buibui wa kutisha amembana mwanamke kwa meno yake. Nililipata kwa bei nafuu kwa sababu ya kasoro mbili. Mabango ya wakati ule yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, na mikunjo ya hili ilipochanika, mtu fulani aliiunganisha kwa selotepu mbele na nyuma. Gundi yake sasa imekuwa ya kahawia na inazidi kupenya ndani ya karatasi. Kasoro ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Kona ya chini upande wa kulia imenyofoka na kupotea, nayo ndiyo iliyokuwa na namba ya National Screen Service, kampuni iliyosambaza mabango haya tangu mwaka 1940. Namba hiyo huanza na tarakimu mbili za mwaka, na filamu ikirudishwa sokoni baadaye huwekewa herufi R mbele yake, kwa hiyo mnunuzi makini huitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Ushahidi uliobaki kwamba bango hili ni la mwaka 1955 kweli ni wa aina mbili tu. Vipimo vyake ni inchi 27 kwa 41, ilhali nakala nyingi za siku hizi huwa inchi 24 kwa 36 au 27 kwa 40. Tena nyuma, kwenye pande zilizobaki nje baada ya kukunjwa, kuna muhuri wa wino wenye jina la filamu na namba ileile iliyopotea mbele.

Fundi niliyemwendea anataka kuliosha bango, kuitoa selotepu, kisha kulibandika juu ya karatasi ya Kijapani na turubai kwa gundi ya unga wa ngano, ambayo baadaye inaweza kulainishwa kwa maji ikihitajika. Akimaliza atapaka rangi kwenye mikunjo na kuijenga kona upya, pamoja na kuichora namba akinakili picha ya bango jingine. Mzee mmoja aliyenitangulia katika shughuli hii ananisihi nisiliguse, nilihifadhi tu kati ya karatasi zisizo na asidi. Namheshimu sana, lakini selotepu haisubiri, na kila nikilifungua naona doa limesogea.

Kwa hiyo kuitoa selotepu nimekwisha kukubali, na rangi kwenye mikunjo sioni ubaya wake, kwa kuwa haimdanganyi mtu. Hofu yangu ni kwamba turubai itaufunika muhuri wa kweli ulioko nyuma, wakati huohuo mbele kutakuwa na namba iliyochorwa na mkono wa leo. Bango hili nakusudia kumwachia binti yangu, na siku akitaka kuliuza huenda mimi sitakuwepo kumweleza mnunuzi kipi ni cha mwaka 1955 na kipi si chake.

Naomba kujua kama kuna fundi anayeweza kuacha nafasi wazi kwenye turubai mahali penye muhuri, au kama inatosha kuupiga picha kabla ya kazi na kuihifadhi picha hiyo pamoja na maelezo ya fundi. Vilevile, je, kona ikizibwa kwa karatasi ya rangi inayofanana lakini bila maandishi yoyote, wanunuzi wataikubali, au nitakuwa nimemwachia binti yangu bango ambalo hakuna atakayelitaka? Na wino wa muhuri wa zamani hivyo, je, unahimili kuoshwa? Fundi anasema unahimili, ila ningependa kulisikia hilo kutoka kwa mtu ambaye bango lake limepitia maji hayo.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa Minneapolis