Mfalme wa mwisho wa Ufaransa hakukatwa kichwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nisahihishe jambo lililoandikwa kwenye ukurasa wenu wa historia juma lililopita. Makala ilisema Louis wa 16, aliyekatwa kichwa na wanamapinduzi mjini Paris tarehe 21 Januari 1793, ndiye "mfalme wa mwisho wa Ufaransa". Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenisomea kwa simu, maana macho yangu hayawezi tena herufi ndogo. Alipomaliza akaniuliza: "Shangazi, kama huyo ndiye wa mwisho, mbona kitabu changu kina Louis wa 18? Halafu wa 17 yuko wapi?" Alikuwa ameshamuuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa.

Si kosa la mpiga chapa. Na kwa kuwa naishi mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mahali alipo huyo wa 17, nimeona nisinyamaze.

Nimekaa Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, tangu 2001. Kazi yangu ilikuwa usafi wa maofisi. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri na mapema, narudi saa nne asubuhi, nashuka kituo cha metro kiitwacho Basilique de Saint-Denis. Kanisa lenyewe liko hatua chache tu kutoka kituoni, na humo ndimo walimozikwa karibu wafalme wote wa Ufaransa. Miaka mitatu nilipita nje bila kuingia. Kisha tarehe 8 Juni 2004, nikirudi kazini, nikakuta watu wamejaa uwanjani, wengi wamevaa nguo za msiba, wengine wameshika maua meupe ya yungiyungi. Nikadhani amefariki kiongozi. Nilimuuliza mama mmoja niliyesimama karibu naye, nani anazikwa leo? Akanijibu, "Mtoto. Alifariki siku kama ya leo, mwaka 1795."

Mtoto huyo alikuwa Louis-Charles, mwana wa Louis wa 16 na Marie Antoinette. Alizaliwa Versailles tarehe 27 Machi 1785. Baba yake alipouawa, yeye alikuwa na miaka saba, amefungwa pamoja na mama, dada na shangazi yake katika mnara wa Temple, Paris. Kwa sheria ya kale ya Ufaransa, kiti hakikai wazi hata saa moja: mfalme akikata roho, mrithi wake ni mfalme papo hapo, awe ametawazwa au hajatawazwa, awe mtu mzima au yuko kwenye nepi. Katika kanisa hilo hilo la Saint-Denis kuna sanamu ndogo ya jiwe ya Jean wa 1, aliyezaliwa Novemba 1316 baba yake akiwa ameshafariki, akaishi siku tano tu. Naye anahesabiwa mfalme. Basi ndivyo ilivyokuwa kwa Louis-Charles. Kwa wale walioushika ufalme moyoni, tangu asubuhi ile ya Januari yeye alikuwa Louis wa 17, ingawa hakutawala hata chumba alichofungiwa.

Tarehe 3 Julai 1793 walimtoa mikononi mwa mama yake, wakamkabidhi kwa fundi viatu mmoja aitwaye Simon. Oktoba mwaka huo wakamsainisha karatasi ya kumshutumu mama yake kwa mambo ambayo mtoto wa miaka minane hawezi hata kuyaelewa; siku kumi baadaye mama huyo alipelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa. Mtoto hakuambiwa. Mwanzoni mwa 1794 fundi viatu aliondoka, na mtoto akafungiwa peke yake kwa muda wa miezi sita hivi, katika uchafu, bila mtu wa kumwogesha wala kuzungumza naye. Dada yake Marie-Thérèse alikuwa mnara huo huo, ghorofa ya juu yake. Mvulana huyo alifariki kwa kifua kikuu tarehe 8 Juni 1795, akiwa na umri wa miaka 10, akazikwa katika kaburi la pamoja lisilo na alama.

Siku iliyofuata daktari Philippe-Jean Pelletan aliupasua mwili kutafuta chanzo cha kifo. Watu wasipoangalia, akautoa moyo, akaufunga kwenye leso, akautia mfukoni, akaenda nao nyumbani na kuuhifadhi ndani ya pombe kali. Mwanafunzi wake akauiba. Mwanafunzi huyo alipofariki, familia yake ikaurudisha. Mwaka 1828 Pelletan alimkabidhi askofu mkuu wa Paris. Mwaka 1830 umati ukavamia nyumba ya askofu, chombo cha kioo kikapasuka, na ni mtoto wa Pelletan aliyerudi baadaye kupekua vifusi mpaka akauona. Ukasafiri hadi Austria kwa jamaa wa Bourbon, ukoo wa wafalme hao, ukarudi Saint-Denis mwaka 1975. Mwaka 2000 wataalamu wa Ubelgiji na Ujerumani walipima vinasaba vyake, wakavilinganisha na vya nywele za Marie Antoinette na za jamaa zake wa upande wa kike. Vikalingana. Ndipo 2004 ukazikwa, ukibebwa na mvulana wa ukoo huo huo. Msiba uliosubiri miaka 209.

Juma lililofuata niliingia kanisani kwa mara ya kwanza, nikateremka chini kwenye makaburi. Moyo uko ndani ya chombo cha kioo, umekauka na kusinyaa, mdogo kuliko nilivyotarajia. Mimi nimelea watoto wanne. Nilisimama pale nikasahau kabisa habari za ufalme.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu makala yenu ilimruka mtoto huyu kama vile mwalimu yule alivyomruka. Aliyemrithi hakumruka. Ami yake, mdogo wa Louis wa 16, aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1814 kushika kiti alijiita Louis wa 18, na kwa namba hiyo akakiri mbele ya dunia nzima kwamba kijana yule alikuwa mfalme. Tarehe 21 Januari 1815 aliwahamishia Saint-Denis kaka yake na shemeji yake, na mifupa ya wafalme wa kale iliyotupwa shimoni na wanamapinduzi mwaka 1793 akaifukua na kuirudisha kanisani. Alifariki madarakani mwaka 1824. Huyo ndiye mfalme wa mwisho wa Ufaransa kufa akiwa kwenye kiti.

Baada yake alitawala ndugu yake, Charles wa 10, aliyetawazwa Reims mwaka 1825 na kupinduliwa Julai 1830. Na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, Mhariri, kwa sababu ufalme wa Ufaransa haukumalizwa na gilotini. Ulimalizwa na ndugu walioshindwa kukubaliana nani mrithi.

Charles wa 10 na mwanawe waliachia kiti kwa ajili ya mjukuu, Henri, mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na baba. Charles alimwagiza binamu yake Louis Philippe, wa tawi la Orléans, amtangaze mtoto huyo kuwa mfalme. Louis Philippe alilijulisha Bunge kwamba mzee ameachia kiti. Habari za mtoto akazinyamazia. Siku chache baadaye kiti kikawa chake. Yeye hakuitwa "mfalme wa Ufaransa" bali "mfalme wa Wafaransa", na alitawala miaka 18 hadi Februari 1848. Wafuasi wa mtoto Henri hawakusamehe, maana walikumbuka pia kwamba baba wa Louis Philippe ndiye yule jamaa wa ukoo wa kifalme aliyepiga kura Louis wa 16 auawe. Binamu alimhukumu binamu 1793, na mwana wa huyo huyo akamzunguka yatima 1830. Mimi nasema wazi kwamba jambo hilo la pili halinitoki rohoni, ingawa vitabu vingi humsifu Louis Philippe kwa upole wake.

Ikaja Jamhuri ya pili, ukaja utawala wa Napoleon wa 3, naye akatekwa na Wajerumani huko Sedan mwaka 1870. Uchaguzi wa Februari 1871 uliwapa wapenda ufalme wingi wa viti bungeni. Fikirini: miaka 78 baada ya kichwa kile kuanguka, Bunge la Ufaransa lilikuwa tayari kumrudisha mfalme! Hata tawi la Orléans lilikubali kumpisha Henri, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka 50 asiye na mtoto, akijulikana kama Bwana wa Chambord. Kilichobaki ni bendera tu. Bunge lilitaka ya rangi tatu, ile ya mapinduzi. Yeye akataka nyeupe, ya babu yake Henri wa 4. Alilisema hilo hadharani Julai 1871, akalirudia kwa barua Oktoba 1873, na mambo yakaishia hapo.

Wafaransa wengi niliofanya nao kazi humcheka mtu huyu kwamba alikataa taji kwa sababu ya kitambaa. Mimi simcheki. Baba yake aliuawa kwa kisu miezi saba kabla yeye hajazaliwa. Alifukuzwa nchini akiwa na miaka tisa. Bendera ya rangi tatu ndiyo iliyopepea siku aliyofukuzwa. Nadhani alikosea, kwa sababu wananchi waliokuwa wameifia bendera ile walikuwa nao wana haki yao, lakini alikosea kwa moyo safi. Tarehe 30 Januari 1875 Bunge likapitisha kwa kura 353 dhidi ya 352 kifungu kinachosema jinsi rais wa Jamhuri atakavyochaguliwa. Kura moja, na Jamhuri ikathibitishwa! Chambord alifariki Austria mwaka 1883, akazikwa karibu na babu yake Charles wa 10 katika monasteri ya Kostanjevica, ambayo leo iko Slovenia. Marie-Thérèse, yule dada wa ghorofa ya juu, yuko hapo hapo.

Mrithi wa Chambord nani? Hapo ndipo walipogawanyika wapenda ufalme, na hawajapatana hadi leo. Kwa mlolongo wa kiume, tawi kubwa la ukoo lililobaki ni la Bourbon wa Hispania, uzao wa Philippe, mjukuu wa Louis wa 14. Lakini Philippe alikuwa ameapa kukana haki yake ya kiti cha Ufaransa ili aachiwe Hispania, na mkataba wa Utrecht wa 1713 ukathibitisha. Upande mmoja unasema kiapo ni kiapo, hivyo haki ni ya tawi la Orléans. Upande wa pili unajibu kwamba taji la Ufaransa si mali ya mtu, na asichokimiliki mtu hawezi kukitoa. Nimeyasikiliza yote mawili miaka mingi, na hoja ya pili ndiyo inayoniingia akilini zaidi, kwa kuwa ndiyo sheria ile ile iliyomfanya kichanga wa siku tano awe mfalme. Leo wa upande huo ni Louis de Bourbon, aliyezaliwa Madrid mwaka 1974, ambaye wafuasi wake humwita Louis wa 20. Wa Orléans ni Jean, aliyechukua nafasi ya baba yake aliyefariki tarehe 21 Januari 2019, siku ile ile aliyouawa Louis wa 16.

Wako pia wa Bonaparte, ukoo wa Napoleon. Juu yao nitasema moja tu, maana linatuhusu sisi wa Afrika na kwenye makala yenu halikuwamo. Mwana pekee wa Napoleon wa 3, kijana wa miaka 23, alijiunga na jeshi la Waingereza akafia nchi ya Wazulu tarehe 1 Juni 1879. Kikosi chake kidogo kilishtukizwa, farasi akakurupuka, mkanda wa tandiko alioushika ukakatika. Wapiganaji wa Kizulu waliokuwa wakilinda nchi yao walimchoma mikuki, na majeraha yake yote yalikuwa upande wa mbele. Matumaini ya ukoo ule ya kurudi madarakani yakazikwa naye.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Chapisheni masahihisho kwenye ukurasa ule ule: kwamba baada ya Louis wa 16 walitawala wafalme watatu, na kwamba kati yake na Louis wa 18 kuna mtoto. Mtoto wa kaka yangu anataka kuikata karatasi hiyo ampelekee mwalimu wake. Nami Juni ijayo, tarehe 8, nikijaliwa uzima, nitapita tena kanisani kama nifanyavyo kila mwaka.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Saint-Denis, Ufaransa