Kwa Mama Kulwa, kuhusu kuitwa wateule

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata kwa kijana wa melini, nikaisoma palepale bandarini. Pole sana kwa mashine ya mtumbwi. Namshukuru Mungu kwamba wezi wale waliichukua mashine wakamwacha Baba Kulwa na vijana wake wazima, maana wapo waliovamiwa ziwani na hawakurudi. Huku mbalamwezi imeshika, dagaa hakuna, chanja zetu ziko tupu, kwa hiyo nina nafasi ya kukujibu vizuri.

Kilichoniuma kuliko mashine ni yale uliyoambiwa kwenye kikundi cha maombi: kwamba mteule wa Mungu haibiwi, na ukiona amepata hasara ujue kuna mlango ameuacha wazi. Sasa unaniuliza kama wewe bado ni mteule. Ndiyo, Mama Kulwa. Nimelijibu hilo kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Maneno yale tunayopenda kuyaimba, "mzao mteule, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu, watu wa milki ya Mungu", yako katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2 mstari wa 9. Petro alikuwa mvuvi kama mumeo. (Ziwa la Galilaya alilovua ni dogo hata kuliko kisiwa chenu cha Ukerewe, lakini dhoruba zake zilimtisha vilevile.) Angalia sasa aliwaandikia akina nani. Waraka unaanza kwa kuwataja: wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, nchi ambazo leo ziko Uturuki. Walikuwa wanatukanwa kwa ajili ya jina la Kristo, na wengine walikuwa watumwa waliopigwa bila kosa. Watu hao hao ndio anaowaita wateule, na kwenye sura ya 4 anawaambia, "msione kuwa ni ajabu ule msiba ulio kati yenu". Kama hasara ingefuta uteule, Petro asingekuwa na mtu wa kumwandikia.

Tena Mungu hakuwahi kuchagua kwa kuangalia nani ana kitu. Waisraeli waliambiwa wazi, Kumbukumbu la Torati sura ya 7, kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Ni kwa sababu Bwana aliwapenda. Na kabla yao, Abrahamu alipoitwa, ahadi ilikwenda mpaka mwisho: katika yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Mama mwenye watoto saba akimwita mmoja na kumpa ndoo aende kisimani, wale sita hajawakataa, na maji yatakayoletwa ni ya nyumba nzima. Ndivyo ninavyouelewa uteule wetu. Tumeitwa mbele ili kitu kiwafikie wengine kupitia kwetu. Hata Petro hakuishia kwenye sifa. Anaendelea kusema tumewekwa hivyo tupate kuzitangaza fadhili zake aliyetuita kutoka gizani.

Kuna mstari mmoja ambao sijausikia ukisomwa kwenye mikesha ya kudai baraka. Ni Amosi 3:2. Mungu anawaambia Israeli kwamba katika jamaa zote za duniani amewajua wao tu, na wewe ungetegemea aseme "kwa sababu hiyo nitawalinda" au "nitawatajirisha". Anasema kwa sababu hiyo atawapatiliza maovu yao yote, yaani atawaadhibu kwa ajili yake. Mara ya kwanza kuusoma niliogopa. Halafu ukifika sura ya 8 unaona maovu yenyewe ni yapi: kupunguza kipimo, kudanganya kwa mizani, kumnunua maskini kwa jozi ya viatu. Mama Kulwa, mimi ninafanya kazi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa! Ninajua jinsi mvuvi aliyekesha majini anavyoweza kupunjwa na mnunuzi aliyetoka kuimba kwaya. Kwa Amosi, yule mwenye mizani ya uongo ndiye anayepaswa kutetemeka kuhusu uteule wake. Wewe umeibiwa tu. Inanisikitisha sana kwamba kikundi kimemkemea aliyeibiwa, kisha hakikusema neno juu ya wizi.

Umeuliza pia kama sisi tumechukua nafasi ya Wayahudi. Paulo alilijibu hilo katika Warumi 11: sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, na tawi halilibebi shina, shina ndilo linalolibeba tawi. Anasema pia karama za Mungu hazina majuto wala mwito wake. Kwa hiyo tumeingizwa, hatukumfukuza mtu, na sioni sababu ya kujivuna.

Nimerudia mara kadhaa pale ulipoandika kuhusu jirani yenu Mwislamu aliyewaazima mashine yake, na dada mmoja akakuonya msifanye kazi na chombo cha asiye mteule. Hapana. Petro huyohuyo, mwandishi wa maneno ya uteule, alipoingia nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi, alisema, "Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo." Na Amosi 9:7 Mungu anawauliza Israeli kama wao kwake si sawa na Wakushi, watu weusi wa kusini. Mungu aliyekuchagua wewe ndiye aliyemgusa jirani yako. Pokea mashine kwa mikono miwili.

Nafikiria pia historia ya ziwa letu hili. Mwaka 1879 wamisionari wa Kikatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans, waliondoka Kageye, upande huu wetu wa kusini, wakavuka kwa mtumbwi hadi Buganda. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana waliokuwa wamebatizwa kule walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Kabla ya kukamatwa, Karoli Lwanga, kiongozi wa wale Wakatoliki, alikuwa amewabatiza wenzake waliokuwa bado wanafundishwa, akiwemo Kizito, kijana mdogo kabisa kati yao. Mimi si Mkatoliki, unajua, lakini siwezi kusimama mbele ya habari hiyo na kusema walikuwa wameacha mlango wazi. Pale motoni hakuna aliyepata nafasi ya kubishana dhehebu lipi ndilo teule.

Kikundi usikihame, Mama Kulwa. Wapo mle wanaokupenda, na wengi wanarudia tu walichosikia. Waombe msome Amosi pamoja, ni sura 9, kwa majuma machache mtakuwa mmemaliza. Wakikataa, soma na Baba Kulwa nyumbani.

Na siku mtakayotoka mara ya kwanza na mashine ile ya kuazima, fungu la jirani litengwe kabla hamjauza, hata kama mavuno ni kidogo. Mwambie unamwombea kila siku, na umwombee kweli. Mimi na akina mama wenzangu tunachanga kitu kidogo. Nitakitumia kwa simu, usikirudishe.

Mbalamwezi ikiisha na giza la kuvulia dagaa likianza, nitakuwa mwaloni usiku na mchana, kwa hiyo kama unakuja Mwanza kwa ajili ya kununua mashine nyingine, njoo kabla ya hapo, twende pamoja kwa fundi ninayemwamini. Wasalimie Kulwa na Doto.

Dada yako katika Kristo,
Mama Masanja